UZI: Watu wazima 11 nyumbani, na mtoto kichwa ndani ya ndoo. Tuziangalie nyumba zetu kwa urefu wa mtoto

UmmMkomani (mwenye uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, wa Amu (Lamu), wa Malindi na wa kwengine kote.

Naandika mtoto kalala ubavuni pangu, na kiganja changu kiko mgongoni mwake nimsikie anavyopumua. Wiki tatu zimepita na bado siwezi kulala bila kumshika. Kila nikianza kuandika mikono hutetemeka, lakini juzi nimeingia nyumba ya jirani nikakuta ndoo ileile, mahali palepale, na mtoto wa makamo yaleyale anatambaa. Nimeona kunyamaza ni dhambi.

Ilikuwa wiki ya Maulidi. Anayeijua Amu anajua nyumba zinavyokuwa: wageni wa Mombasa, wa Malindi, wa Unguja, magodoro yametandikwa mpaka ukumbini, sufuria hazishuki mekoni. Asubuhi ile tulikuwa watu wazima 11. Nimewahesabu mara nyingi, kwa majina. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 4. Mimi nilikuwa juu nakuna nazi, najua yuko chini na wifi yangu. Wifi anajua yuko na bibi yake. Bibi yake anajua nimepanda naye. Kumbe yuko chooni peke yake, kichwa kimezama ndani ya ndoo, miguu iko juu.

Ndoo yenyewe ni hii ya lita 20 iliyokuja na rangi, ambayo kila nyumba inayo. Maji hayakufika nusu. Hakulia. Hakuna aliyesikia maji yakiruka, na chumba cha pili watu walikuwa wanazungumza, mlango wa choo uko wazi. Aliyemwona ni mtoto wa mgeni wetu, kijana wa miaka 12, aliyeingia kutia udhu.

Nilipofika chini alikuwa mikononi mwa binamu yangu, amelegea kama leso iliyotoka majini, midomo imegeuka buluu. Watu wanapiga kelele: mpindue, mshike miguu, mkamue tumbo! Binamu yangu anafanya kazi kwenye mashua za watalii na aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza. Hakumsikiliza mtu. Alimlaza chali sakafuni, akafunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, akapuliza mara 5, kisha akaanza kubonyeza kifua. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nimekaa chini, machicha ya nazi bado yako vidoleni. Mwanangu akakohoa, akatapika maziwa na maji, akalia. Hospitali walimlaza usiku mmoja wayaangalie mapafu, na leo ni mzima, alhamdulillah.

Macho 22, na hakuna hata jicho moja lililokuwa lake. Hilo ndilo linaloniuma. Sisi watu wa nyumba kubwa tunajivunia kuwa mtoto ni wa wote, na ni kweli, ndivyo tulivyolelewa. Siku ile kuwa wa wote kulimfanya asiwe wa mtu. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenziwe anamwona.

Siku tuliyotoka hospitali, usiku watu walipolala nilipiga magoti nikaitambaa nyumba nzima, ghorofa kwa ghorofa, nikiangalia kwa urefu wake yeye. Kwenye kidaka cha chini kabisa ukutani kulikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya taa. Chini ya mto wa bibi, vidonge vya presha vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nyuma ya mlango, dawa ya panya ya rangi ya waridi, mfano wa peremende. Chetezo cha udi sakafuni, ukifukua majivu makaa bado mekundu. Na mbuzi ya kukunia nazi niliyoiacha mimi mwenyewe siku ile nikikimbia, hakuna aliyeikunja, meno yake yako sawasawa na uso wa mtoto anayejifunza kusimama. Nyumba hii nimeishi miaka 9 na sikuwahi kuyaona haya.

Nawaomba wenye ujuzi waandike. Wauguzi, mafundi, akina mama, wazee. Kila mmoja alete alichonacho.

BabaPachaMLD

Dada, pole sana na Mungu ashukuriwe. Nimesoma nikiwa kazini ikabidi nikae chini.

Mimi niko Malindi, ni mtunza nyumba ya likizo ya Mtaliano. Mwenyewe anakuja miezi mitatu kwa mwaka, miezi mingine tunakaa sisi: mimi, mke wangu na pacha wetu wa miaka 3. Tuko wengi mji huu tunaoishi hivi, ila husikii tukizungumzwa. Chumba chetu kiko nyuma, na hatua 20 kutoka mlangoni kuna bwawa la kuogelea lenye kina cha mita 2, halina ua wala chochote. Kwa mwenye nyumba ni pambo. Kwangu mimi ni kisima kisichofunikwa, kimepakwa rangi nzuri ya kumwita mtoto.

Nilimpigia mwenye nyumba nikamweleza. Mwanzo hakutaka, alisema ua utaharibu sura. Nikamwambia kama hataki basi nahama. Akakubali. Tumeweka ua pande zote nne, maana wengine huweka pande tatu na kufanya ukuta wa nyumba ndio upande wa nne, halafu mlango wa sebule unafunguka moja kwa moja kwenye maji. Urefu wake mita 1.2, nguzo za wima ili wasipate pa kukanyaga, na mlango una springi, ukiuachia unajifunga wenyewe. Viti na meza nimeviondoa karibu na ua kwa sababu pacha wangu wakiona kiti wanaona ngazi.

Kuhusu ndoo: Malindi maji hukatika, kila mtu ana akiba ndani. Sisi tumeacha kuweka kwenye ndoo na mapipa, tunaweka kwenye madumu yenye mdomo mwembamba. Hata mtoto akilifungua dumu, kichwa hakiingii. Ndoo ikishatumika inamwagwa hapohapo na inafudikizwa. Kisima cha nyuma nimekitengenezea mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo wake hautundikwi kisimani.

NesiBarani

Mama, umeandika jambo ambalo sisi wauguzi tunalipigia kelele kila siku na halisikiki. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza, binamu yako alifanya sawasawa, na wale waliotaka mtoto apinduliwe walikuwa wanampotezea muda. Mtoto aliyezama hana shida ya maji tumboni, shida yake ni hewa. Kumning'iniza, kumtikisa, kumkamua tumbo, yote hayo yanachelewesha pumzi na yanaweza kuyatoa matapishi yakaingia mapafuni. Mlaze mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu kidogo, mpe pumzi 5 za taratibu mpaka uone kifua kinapanda. Akiwa bado hapumui wala hajitikisi, bonyeza katikati ya kifua, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua chake, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mibonyezo 30, pumzi 2, mibonyezo 30, pumzi 2, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Mtu mwengine apige 999 au 112, na mwengine aende kutafuta boti au gari. Hata akizinduka akaonekana mzima mpelekeni hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kubadilika baada ya saa kadhaa.

Pili, kwa nini ndoo? Mtoto wa chini ya miaka miwili kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Akiinama kuchezea maji, kichwa kinamvuta, mikono haina nguvu za kumrudisha, na ndoo yenye maji haipinduki. Sentimita chache za maji zinatosha kuziba pua na mdomo. Na hazami kwa kelele kama kwenye filamu. Anazama kimya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kule Bangladesh, nchi ya mito na mabwawa, waliona kwamba watoto wadogo wengi wanazama kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, yaani wakati mama yuko kwenye kazi za nyumba. Wakaanzisha vituo vya mtaani ambapo mama mmoja aliyefundishwa anakaa na watoto saa hizohizo tu, na vifo vikapungua sana. Sasa muangalie saa yenu nyinyi: mlikuwa mnapika, si ndiyo? Hapa kwetu saa za kukuna nazi ndizo hizohizo.

UmmMkomani

Saa 4 na nusu asubuhi. Umenitoa machozi, nesi.

MtuMzima_Amu

Mimi nina miaka 68. Tumezaliwa wanane kwenye nyumba yenye kisima ndani na birika la maji chooni, na hakuna aliyekufa. Watoto wa siku hizi mnawaogopea mno. Mlinzi ni Mungu. Akiandika limeandikwa.

Bibi_Langoni

Kaka yangu, salaam. Mimi nimekuzidi miaka, kwa hiyo nipe ruhusa niseme.

Wewe hukufa, lakini mimi namkumbuka wa mtaani kwetu aliyetolewa kisimani, na mamake hakuwahi tena kuteka maji mpaka anaingia kaburini. Hatukuwa tukiwataja, ndiyo maana unadhani hawakuwako. Na Mtume wetu alipoulizwa na yule bedui kama amfunge ngamia au amwachie Mungu, alimwambia mfunge kisha utawakali. Tena tumefundishwa jua likichwa tuwaingize watoto ndani, tufunge milango, tufunike vyombo na tuzime taa kabla ya kulala. Yote hayo si kulinda nyumba?

Wewe UmmMkomani mwanangu, nikwambie tulivyokuwa tukifanya. Birika la chooni lilikuwa limejengwa kwa mawe na chokaa, na tulitia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Watoto walipenda kwenda kuwatazama wale samaki, na hapo ndipo penye hatari. Mamangu alikuwa na mfuniko wa mbao uliokatwa kwa kipimo cha birika, na kata ikitundikwa juu. Na kila asubuhi baada ya chai alimwita binti mmoja kwa jina lake akamwambia: leo mwana ni wako. Basi. Yule binti hakupewa kazi nyengine mpaka adhuhuri. Asipotajwa mtu kwa jina, hakuna aliyetajwa.

FundiStima

Habari wakuu. Mimi ni fundi wa umeme, nimefanya kazi Lamu, Mpeketoni na sasa Malindi. Naona hakuna aliyegusa stima, wacha nigusie, kwa sababu kuna kitu kimoja watu wananunua kwa nia njema na kinaleta hatari.

Vile vifuniko vya plastiki vya kuchomeka kwenye soketi. Soketi zetu za Kenya ni za matundu matatu ya pembe nne, sawa na za Uingereza, umeme wa volti 240. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, matundu mawili ya chini ndiyo yanayobeba umeme. Soketi nzuri ina vizibo vidogo ndani vinavyofunika yale matundu mawili ya chini, na vizibo hivyo vinafunguka pale tu pini ndefu ya juu inapoingia. Kwa hiyo mtoto akichomeka msumari tundu la chini, anakuta kizibo. Soketi inajilinda yenyewe.

Sasa chomeka kifuniko cha plastiki. Pini yake ya juu inafungua vile vizibo! Kikivunjika, au mtoto akikichomoa akakirudisha kichwa chini miguu juu, pini moja inaingia tundu la ardhi na matundu ya umeme yanabaki wazi kabisa. Mwaka 2016 idara ya afya ya Uingereza ilitoa tahadhari visitumiwe kwenye hospitali na nyumba za matunzo. Mimi nikivikuta kwa mteja navitoa.

Hatari yenyewe iko kwenye ekstensheni. Hizi za bei rahisi zenye matundu yanayopokea plagi za kila aina nyingi hazina vizibo ndani, mtoto akichomeka sindano inafika kwenye umeme moja kwa moja. Zinakaa sakafuni, chini ya godoro, karibu na mtoto anayetambaa akidondosha mate. Kama lazima utumie, nunua yenye soketi za kawaida na uipachike ukutani juu. Chaja ya simu isiachwe imechomekwa waya unaning'inia, watoto wanaitia mdomoni ile ncha. Na mwambie fundi wako aweke kwenye sanduku la stima ile swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina. Ukiona haina kitufe cha kujaribia, uliza.

MamaKijana_Shela

Bwana fundi asante, mimi nilikuwa nimenunua pakiti nzima, nakwenda kuzitoa sasa hivi.

Mwenye uzi, ngazi umefanyaje? Yetu ni ya mawe, imesimama wima, kila kipandio kina urefu wake, na katikati kuna kona ya giza. Mwanangu anaipanda kama paka ila kushuka hajui.

UmmMkomani

Ngazi ndiyo iliyonichosha kuliko yote, nikueleze vizuri usipoteze pesa kama mimi.

Fundi wa kwanza alileta kijilango cha chuma akasema ni kazi ya nusu saa. Alipotia keekee ukutani, ilizama kama imeingia kwenye mkate. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, ukitoboa unakutana na unga. Alijaza vipande vya mbao na skrubu, akafunga, akaenda zake. Siku ya pili nikakitikisa kwa mkono mmoja kikanijia chote, bawaba na chokaa yake. Nikawaza kama mtoto angekuwa amekiegemea. Kijilango kisichoshika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu wewe mwenyewe unalegea ukijua kipo.

Wa pili alikuwa seremala mzee wa Langoni, hana maneno mengi. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu, akisikiliza. Alipopata palipo na jiwe zima alichimba matundu manne, mawili kila upande, akapachika vipande vya boriti za mkoko vyenye urefu wa shubiri, akaviziba kwa chokaa na mchanga. Sikuruhusiwa kugusa kwa wiki nzima. Kisha akaja na fremu akaipigilia kwenye zile boriti. Nimeuning'inia huo mlango mwenyewe, mimi na kilo zangu 71, hautikisiki.

Aliyonifundisha ni haya. Fito ziwe za wima, zisiwe za kulala, mtoto asipate kipandio. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10, kichwa kisipite. Mlango ufunguke kuelekea chumbani, kamwe usifunguke juu ya ngazi, maana atakayeufungua ataangukia mbele. Na komeo liwe upande wa ngazini, chini kidogo ya ukingo wa juu, mkono wa mkubwa upite juu ulishike na wa mtoto usifike. Nimelipa shilingi 4,500 kwa kijilango cha juu, na cha chini kinatengenezwa. Watu hufikiri cha juu kinatosha, lakini mtoto anayepanda kutoka chini ndiye atakayeangukia ile kona ya giza.

Darini bado sijapata ufumbuzi. Ukuta wa pembeni unanifika kiunoni ila kuna mahali umebomoka. Kwa sasa mlango wa darini unafungwa kwa ufunguo.

NesiBarani

Narudi, kwa sababu kuna mambo mawili ya jikoni ambayo hayajaandikwa na ndiyo yanayonijazia wodi.

Moto. Jiko la gesi la kilo 6, lile linalokaa juu ya mtungi wake, wengi wanaliweka sakafuni. Seredani, jiko la makaa, nayo sakafuni. Kwa hiyo sufuria ya uji inachemka kwenye kiwango cha kifua cha mtoto. Jengeni kibaraza, hata cha mawe ya kupanga ilimradi kisitikisike, mpike mkiwa mmesimama. Dele la kahawa lisiwekwe ukingoni mwa mkeka, na mtu asimpakate mtoto huku ameshika chai. Kikombe cha chai kinaweza kumbabua mtoto hata dakika 15 baada ya kumiminwa, ngozi yake ni nyembamba kuliko yako. Chetezo nacho mkishafukiza kipandishwe juu, na makaa yamwagiwe maji. Majivu meupe yanadanganya.

Akiungua: maji ya kawaida yanayotiririka, ya bomba au ya kata, kwa dakika 20. Ishirini kweli, mtizame saa. Mvueni nguo na bangili kabla hajavimba, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi. Funikeni kwa kitambaa safi, nendeni hospitali. Sitaki kuona tena dawa ya mswaki, unga, ute wa yai, asali wala samli juu ya kidonda. Nawaomba. Tunapoviondoa vile vitu mtoto analia kilio ambacho hakikuwa cha lazima.

Sumu. Ile chupa ya soda yenye mafuta ya taa, mama, itoe leo. Mtoto hasomi, anaiona soda. Akinywa, msimtapishe na msimlazimishe maziwa. Mafuta ya taa yanaua kwa kuingia mapafuni, na yakipanda tena ndipo yanapoingia. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Jiki, dawa ya panya, chokaa ya kupakia ukuta, vidonge vya bibi, vyote viwe kwenye kabati la juu lenye kufuli, kila kimoja kwenye chombo chake cha asili. Na zile betri ndogo za mviringo mfano wa kifungo, za rimoti na saa: ikikwama kooni inaweza kuchoma ndani ya saa 2. Hiyo haisubiriwi itoke.

MamaKijana_Shela

Na mabuyu? Mamangu anampa mwanangu anyonye, ana miaka 2. Anayapenda, midomo inakuwa mekundu yote.

NesiBarani

Dada, mwambie mama kwa heshima aache mpaka mtoto afike miaka 4 au 5. Kokwa ya ubuyu ikishanyonywa sukari inabaki ngumu na inateleza, imekaa kama iliyochongwa kuziba koo. Kokwa ya tende vilevile, itolewe na tende ichanwe. Karanga na korosho zisagwe. Mtoto ale amekaa, asikimbie na kitu mdomoni.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akinyamaza, hawezi kulia wala kupumua, mlalisheni kifudifudi kwenye mapaja kichwa kikiwa chini, mumpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kiganja. Haikutoka, wa chini ya mwaka 1 mgeuzeni mumbonyeze kifuani mara 5 kwa vidole viwili. Wa zaidi ya mwaka 1, shikeni kutoka nyuma, ngumi juu ya kitovu, mvute ndani na juu mara 5. Rudieni. Msiingize kidole kooni kama kitu hamkioni, mtakisukuma.

Bibi_Langoni

Nesi mwanangu, na wanja je? Sisi tunawatia watoto tangu siku ya saba.

NesiBarani

Bi mkubwa, shikamoo. Hili ni gumu kulisema kwa sababu najua linavyopendwa. Wanja wa manga mara nyingi una madini ya risasi. Yanaingia mwilini kwa macho na kwa vidole vinavyopangusa macho kisha vikaenda mdomoni, na risasi huharibu ubongo wa mtoto pole pole bila homa wala dalili ya haraka. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ningekuomba uache.

Bibi_Langoni

Marahaba. Nimesikia. Mjukuu wangu wa wiki ijayo hatutamtia.

UmmMkomani

Mungu akulipe bi mkubwa, neno lako nimelichukua.

Niwaeleze tunavyofanya sasa. Tuna ufunguo mmoja mkubwa wa mlango wa zamani, wa chuma, nimeutia kamba nyekundu. Anayeuvaa shingoni ndiye mwenye mtoto. Hapiki, hashiki simu, haendi chooni mpaka amvishe mwengine, na anayevishwa lazima aseme kwa sauti, "Nimempokea." Siku za mwanzo mume wangu aliona ni mchezo wa watoto. Juma lililopita alikuwa barazani na wenziwe, mwanangu yuko mbele ya daka, punda wawili wamebeba mchanga wakapita mbio kwenye kile kichochoro. Alikuwa keshamnyakua kabla sijafika mlangoni. Akaniambia jioni, "Ule ufunguo ulikuwa unanigonga kifuani." Hajauvua tena kwa hiari yake.

Binamu yangu ametukalisha sote sebuleni na mwanasesere, kila mmoja akapuliza na kubonyeza, mpaka yule kijana wa miaka 12 kabla hajarudi kwao. Mbuzi ya nazi inakunjwa na kutundikwa ukutani mara tu nazi inapokwisha. Mafuta ya taa yametoka nyumbani kabisa.

Baba Pacha, ile springi ya mlango wa bwawa umeinunua wapi Malindi? Nataka kuijaribu kwenye mlango wa choo.

BabaPachaMLD

Dada, duka lolote la vifaa vya ujenzi utaipata, omba springi ya mlango wa wavu wa mbu. Chukua ile nzito. Mlango wa choo wa Kilamu ni mzito, nyembamba haitauvuta. Na umwambie fundi asiiweke karibu na bawaba ya chini, vidole vya mtoto vinaingia hapo.

MtuMzima_Amu

Nimesoma yote tangu juu. Bi mkubwa amenikumbusha yule wa kisimani, nilikuwa mdogo, nilikuwa nimemsahau.

Nina wajukuu watatu hapa kwangu. Nimeinuka sasa hivi, saa 5 usiku, nimemwaga ndoo ya chooni na nimeifudikiza. Huyo seremala wa Langoni, mwambieni apite kwangu Jumamosi.